Nauli ya Msiba

Simu iliingia saa tatu usiku. Minneapolis theluji ilikuwa inaanguka. Tanga kulikuwa kunapambazuka. Baba mdogo hakuzunguka. "Mwanangu, mama yako mkubwa ametangulia. Tunamzika leo baada ya Adhuhuri." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Usijisumbue."

Nikajisumbua. Mama mkubwa ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne, na mimi mpaka nakuwa mtu mzima nilikuwa namwita mama, bila hilo la mkubwa. Nikafungua kompyuta. Tiketi ya kesho yake, Minneapolis hadi Dar es Salaam: dola 2,640. Kwa hasira tu nikabadilisha tarehe, nikasogeza safari wiki nne mbele: dola 1,190. Ndege ileile, kiti kilekile, wali uleule kwenye sahani ya plastiki.

Hesabu nilikuwa naijua. Hata ningepewa tiketi bure na kupaa usiku uleule, nisingewahi. Muislamu wa Tanga halazwi mochwari kumsubiri mtoto aliyeko Marekani. Lakini moyo wa mfiwa na hesabu wapi na wapi! Nilikaa mbele ya kile kioo hadi saa kumi na nusu alfajiri, ambayo kwao ilikuwa saa saba na nusu mchana. Nikajua sasa hivi wanafukia.

Swali lililonibaki ni dogo: kwa nini aliyefiwa atozwe zaidi ya anayekwenda kuogelea Zanzibar? Usiku ule nilidhani ni roho mbaya ya watu wa ndege. Nilipoanza kusoma nikakuta ni historia, na ina tarehe zake.

Tuanze mbali kidogo. Zamani kwenye pwani yetu, habari ya msiba na mtu wa kuja msibani vilisafiri kwa chombo kimoja. Ukifiwa Lamu na ndugu yako yuko Muscat, habari ilisubiri upepo, na ndugu naye akasubiri upepo wa kumrudisha. Hakuna aliyemlaumu mwenzake kwa kuchelewa, maana hata neno lenyewe lilichelewa. Mwaka 1879 waya wa telegrafu ulipitishwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar. Tangu hapo habari ikamtangulia mtu. Kwa mara ya kwanza uliweza kujua leo kwamba umefiwa ng'ambo, na ukabaki umekaa na ujuzi wako kwa sababu huna namna ya kufika.

Kwa safari za ndani, pengo hilo lilizibwa na redio na basi. Wa umri wangu mnakumbuka matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam: sauti tulivu, jina la marehemu, kisha orodha ya ndugu na mahali walipo. Nyumba nzima inanyamaza, sufuria linaepuliwa. Aliyesikia jina lake akafunga kanga mbili akaenda stendi. Na basi, ukiondoa wapiga debe na ujanja wao wa sikukuu, halikuulizi umeijua safari lini. Nauli ni moja. Aliyekata tiketi wiki iliyopita na aliyefika analia wanakaa siti za jirani, wamelipa sawa.

Kwa muda mrefu hata ndege ilikaribia kuwa hivyo. Marekani, kuanzia 1938, nauli za ndani zilisimamiwa na bodi ya serikali, Civil Aeronautics Board. Safari za kimataifa, mashirika yalikubaliana nauli kupitia IATA. Sisemi zilikuwa siku njema. Nauli zilikuwa juu mno, na mtu wa kawaida aliiona ndege ikipita angani tu. Lakini bei haikuwa inapanda kwa sababu umechelewa kujua.

Mambo yakabadilika miaka ya 1970. Boeing 747 ilianza kubeba abiria mwaka 1970, na ghafla kukawa na viti vingi vya kujaza. Shirika la Uingereza, BOAC, likaja na nauli iliyoitwa Earlybird: ukikata tiketi siku 21 au zaidi kabla ya safari, unapunguziwa. Wazo zuri. Ila likaleta swali: ukiwauzia wa bei nafuu viti vyote mapema, yule wa dakika za mwisho anayelipa bei kamili atakaa wapi? Mwaka 1972 mtaalamu wa hesabu wa BOAC, Ken Littlewood, akatoa jibu ambalo linafundishwa vyuoni mpaka leo. Kwa lugha ya sokoni ni hivi: mpe kiti mteja wa bei ndogo iwapo tu pesa yake inazidi pesa ya mteja mkubwa ukiizidisha kwa uwezekano kwamba mteja huyo mkubwa atatokea. Kama haizidi, mwambie wa bei ndogo viti vimekwisha, hata kama unaviona vitupu.

Muuza samaki wa Deep Sea pale Tanga angeielewa nusu ya hesabu hii. Kiti ni kama samaki. Ndege ikishapaa, kiti kitupu kimeoza. Lakini muuza samaki jioni hushusha bei, kwa kuwa anayekuja jioni anaweza kwenda zake na kula maharage. Ndege hupandisha, kwa sababu imegundua kwamba anayekuja jioni hana maharage. Lazima asafiri.

Sasa huyo wa jioni ni nani? Waliopanga nauli walimwazia mfanyabiashara: mkutano wa ghafla, tai shingoni, kampuni inalipa. Zile siku 21 ni chujio. Mtalii anajua likizo yake mapema, mfanyabiashara hajui. Basi kuchelewa kujua kukawa alama ya mtu mwenye fedha. Na hapo ndipo sisi tulipoingia bila kuitwa. Mfiwa naye hajui mapema. Hana wiki tatu za kumkumbusha Izraili. Kwenye hesabu za ndege, mtu aliyefiwa na mama yake na mkurugenzi anayewahi kikao Geneva ni mtu mmoja.

Palikuwa na kipindi kifupi ambapo mambo yaligeuka. Tarehe 26 Septemba 1977 Freddie Laker alirusha Skytrain yake ya kwanza kutoka Gatwick, London, kwenda New York kwa pauni 59. Masharti yake yalikuwa kinyume cha mengine yote: hakuna kukata mapema, unanunua siku hiyohiyo ya safari, kwa foleni, kama stendi. Yaani kwa mara moja, dakika ya mwisho ndiyo ilikuwa rahisi. Huwa nawaza ni watu wangapi kwenye foleni zile walikuwa wamepigiwa simu usiku. Kampuni ya Laker ikafilisika Februari 1982.

Huko Marekani, Rais Carter alitia saini sheria ya kuachia huru biashara ya ndege mwezi Oktoba 1978. Kampuni mpya zikazuka, mojawapo People Express mwaka 1981, yenye nauli za kutupa. Kampuni kubwa ya American Airlines, chini ya Robert Crandall, ikajibu Januari 1985 kwa nauli za chini mno za wanaokata mapema, huku kompyuta zikilinda viti vya wanaochelewa. Haikupunguza bei kwa wote. Ilipunguza kwa wanaojua kesho yao. Ilipofika 1987 People Express ilikuwa imekwisha kumezwa. Karibu dunia nzima ikaiga. Bei ya 2,640 niliyoiona mimi kwenye kioo ni mjukuu wa hesabu hizo.

Kwa vile mfiwa alikuwa ameangukia upande usio wake, mashirika kadhaa ya Marekani na Kanada yakawa na kiraka: nauli ya msiba. Unapiga simu, unaeleza, unathibitisha, unapunguziwa kutoka ile bei ya kuchelewa. Mara nyingi hata baada ya kupunguziwa bado tiketi ya kawaida ya mtandaoni ilikuwa chini yake. Mwaka 2014 American na United ziliziondoa. Delta na Air Canada zikaendelea nazo. Na ni Air Canada iliyotoa kisa cha ajabu kuliko vyote: abiria mmoja aliyefiwa na bibi yake Novemba 2022 aliuliza programu ya mazungumzo kwenye tovuti ya kampuni, ikamwambia akate tiketi tu, atadai punguzo baadaye. Alipodai, akaambiwa utaratibu si huo. Mbele ya baraza la usuluhishi la British Columbia kampuni ikajitetea kwamba programu ile inawajibika yenyewe kwa maneno yake. Februari 2024 baraza likakataa, likaamuru alipwe fidia, sehemu kubwa yake ikiwa ile tofauti ya nauli, zaidi kidogo ya dola 650 za Kanada. Nilicheka niliposoma, halafu sikucheka. Mtu amekaa na msiba wake saa nane usiku, na anayempa pole ni mashine.

Mimi sikukutana na mashine. Usiku ule nilipiga simu kwenye shirika moja lililokuwa bado na nauli hiyo, nikapokewa na mama mmoja mpole sana. Akanipa pole ya kweli. Akauliza jina la marehemu. Nikataja. Uhusiano? Mama. Majina ya ukoo hayafanani, akasema, nikaeleza habari ya mama mkubwa, naye akaelewa au akajifanya ameelewa. Kisha: jina na namba ya simu ya hospitali au ya kampuni ya mazishi.

Nikakwama. Mama mkubwa alifia chumbani kwake. Muda ule nilioshika simu, kina mama wa mtaa walikuwa wanachemsha maji uani. Sanda imenunuliwa dukani. Vijana wameshachukua majembe. Kampuni ipi? Nikamwambia naweza kumpa namba ya baba mdogo. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeona aibu, kwamba fomu haipokei. Sikumlaumu na simlaumu. Hata kile kiraka cha huruma kilikuwa kimeshonwa kwa vipimo vya mazishi ya watu wengine, mazishi yenye ofisi, risiti na mapokezi.

Jirani yangu mmoja hapa, dada wa Moshi, alifiwa na baba yake mwaka uleule. Wao walimsubiri, mwili ukakaa mochwari siku tisa. Kikundi chetu kilichanga, pengo likajazwa na kadi ya mkopo, akaenda, akatupa udongo kaburini kwa mkono wake. Deni alilimaliza baada ya mwaka na zaidi. Nilipomuuliza kama anajuta alinitazama kana kwamba nimemuuliza kitu cha kipumbavu.

Mimi nilikwenda arobaini. Sidai kwamba arobaini iliwekwa kwa ajili ya wasafiri. Ina mizizi yake, na wapo masheikh wasioikubali kabisa. Lakini nilipoweka tarehe ile kwenye kompyuta na bei ikashuka, niliona kitu. Siku 40 zinazidi 21. Watu wa jahazi, ambao habari yao ilisubiri upepo, walituachia msiba wenye mlango wa pili kwa anayechelewa, na mlango huo kumbe unapitika hata chini ya hesabu za Littlewood.

Nilifika Tanga alasiri, siku moja kabla ya hitima. Baba mdogo akanipeleka makaburini. Udongo ulikuwa umeshakauka na kuanza kupasuka. Nilimwambia ile bei ya usiku wa kwanza, ya 2,640. Akaguna, akaigeuza kuwa shilingi kichwani, akanyamaza kwa muda.

"Nilikwambia usijisumbue," akasema. Halafu akasogea pembeni, akaniacha naye.