Saratani Tandavu

Zipo hoteli za hali ya juu, upo ukarimu wa hali ya juu, na sasa, kwa mujibu wa karatasi ya mafunzo iliyonifikia hapa Kakoba, Mbarara, ipo "saratani ya matiti ya hali ya juu", ambayo wanaoishi nayo wanaandaliwa mazoezi. Kamati iliyoipitisha tafsiri hiyo ya "advanced breast cancer" siitaji. Mpinzani wake, naye simtaji, alisahihisha: "saratani ya hatua ya mwisho". Kwa hiyo mama wa Kikongomani aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale kuja hospitali Mbarara aambiwe amefika mwisho, kisha anyanyue vyuma!

Napendekeza saratani tandavu. Komaa huzaa komavu, legea huzaa legevu. Tandaa huzaa tandavu. Saratani tumeikopa kwa Waarabu, ambao kwao ni kaa yule wa baharini, na Wagiriki nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa. Sifa yake basi na iwe ya kwetu. Shina tanda lina ukoo mpana: mawingu hutanda, buibui ana utando, simu zina mtandao. Linabeba uvimbe uliotapakaa kifuani hadi kwenye ngozi, na ule uliokwisha fika mifupani, mapafuni au kwenye ini, wala halimhesabii mtu siku. Yuko aliyependelea "komavu". Saratani si embe. Mwingine alinicheka kwamba hata kitanda ni mtoto wa tanda, nami huko ndiko ninakotaka wagonjwa watoke. Kitanda nakikubali kuwa ndugu, hoja sikioni.

Mazoezi yenyewe hayana utata. Utafiti wa PREFERABLE-EFFECT, uliochapishwa 2024, ulihusu wagonjwa 357 wa Ulaya na Australia ambao saratani yao ya matiti ilikuwa imesambaa. Waliofanya mazoezi ya kusimamiwa mara 2 kwa wiki walipungukiwa na uchovu na maisha yao yakawa na nafuu. Wenye mifupa iliyodhoofishwa mno hawakuingizwa, hivyo daktari aulizwe kwanza.

Nasikia kamati itakaa tena. Katiba ya Uganda ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na baraza la mawaziri likakikumbuka 2022. Muda wa kukaa haukukosekana. Pendekezo langu wanalo, kwa herufi kubwa.