Nyuma ya Ile Ramani ya 2008 Kulikuwa na Jedwali

Kama ulizaliwa 2006, siku ya uchaguzi wa 27 Desemba 2007 ulikuwa unatambaa ama ndio unaanza kutembea. Hii historia umeisikia nusu nusu, labda kutoka kwa mzazi aliyenyamaza katikati ya sentensi. Leo siisimulii yote. Nataka kipande kimoja tu, kile kinachotuhusu sisi tunaojifunza kutengeneza tovuti zenye hifadhidata. Ukweli usemwe: mmoja wa mifano mizuri zaidi ya hiyo kazi ulitoka kwetu, na wengi wetu tunaujua kwa jina tu.

Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba. Siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Hebu fikiria: televisheni zinawaka lakini hazikuambii kinachoendelea, na nje moshi unauona kwa macho yako. Watu wakabaki na simu. Usipite ile barabara, imefungwa. Kwa akina fulani kumechomwa. Habari zilikuwepo, tena nyingi, ila kila mtu alikuwa na kipande chake ndani ya mfuko wake. Tume ya Jaji Waki ilikuja kuhesabu vifo 1,133 baadaye, na mamia ya maelfu ya watu waliofukuzwa makwao. Wiki ile ya kwanza hakuna aliyekuwa na hesabu yoyote.

Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa na blogu, alikuwa amekuja nyumbani kwa uchaguzi. Akawa anaandika anachokiona na anachotumiwa na wasomaji, hadi habari zikamzidi nguvu. Akarudi Afrika Kusini alikokuwa akiishi, na tarehe 3 Januari 2008 akauliza kwenye blogu yake: kuna mafundi wa kompyuta wanaoweza kuonyesha matukio haya kwenye ramani ya Google? Wakaitika kina Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, ambaye alikuwa Alabama, Marekani. Ndani ya siku chache tovuti ikawa hewani. Wakaiita Ushahidi. Duniani kote watu huelezwa maana ya hilo jina. Sisi hatuhitaji kamusi.

Sasa, kila anayesifu Ushahidi anasifu ramani. Zile nukta nyekundu. Mimi nasema ramani ni sura tu, kama rangi ya matatu. Injini iko kwingine, na kuifikia lazima turudi nyuma kidogo.

1970. Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa rubani wa vita kabla ya kuingia kompyuta, anafanya kazi IBM kule San Jose, California. Wakati huo data ilihifadhiwa kwa njia ya kuchosha: ukitaka kupata kitu, ilibidi programu yako ijue njia yote ya kukifikia, kama mgeni anayeelekezwa "pita kinyozi, ukiona mti, kata kushoto." Mti ukikatwa, umepotea. Codd akaandika makala akipendekeza kitu rahisi hadi inaudhi: weka kila kitu kwenye majedwali, halafu uliza unachotaka, si njia ya kukifuata.

Wacha nikuonyeshe na kitu unachokijua, daftari la chama cha mamako. Kila mwezi mweka hazina anaandika jina, namba ya simu, kiasi. Mama Njeri akilipa mara kumi na mbili kwa mwaka, namba yake imeandikwa mara kumi na mbili. Siku akibadilisha laini? Unarekebisha mistari kumi na miwili, na ukisahau mmoja daftari lina Mama Njeri wawili. Dawa ya Codd: jedwali moja la wanachama, kila mtu mara moja tu, na namba yake ya uanachama. Jedwali la pili la michango, ambalo halirudii jina wala simu, linabeba ile namba ya uanachama pekee. Ukitaka kujua nani amelipa, unaunganisha majedwali mawili kwa hiyo namba. Zile safu wima zinazoshuka chini, kila moja na kichwa chake, ndizo maamuzi yako. Mistari inayolala ni maisha ya watu yanayoingia humo.

Ni hayo tu. Nusu karne na zaidi baadaye, benki zinaendeshwa hivyo.

IBM wenyewe walichelewa kuuza wazo la mtu wao. Kina Larry Ellison wakalisoma, wakatoa Oracle mwaka 1979, na wakatajirika. Lakini hizo zilikuwa programu za mashirika yenye hela. Mwanafunzi wa kawaida angezisikia tu.

Tovuti nazo zilipozaliwa miaka ya mapema ya 1990, zilikuwa karatasi zilizobandikwa ukutani. Unasoma, unaondoka. Kuandika kwenye hizo karatasi kulihitaji programu ya pembeni, na kuitengeneza ilikuwa kazi ya wachache. Halafu ukaja mwaka 1995, na huu mwaka nauheshimu sana. Rasmus Lerdorf, kijana aliyezaliwa Greenland, alikuwa ameandika vijiprogramu vya kumsaidia kujua nani anasoma CV yake mtandaoni. Manze, CV! Alikuwa anaangalia kama amesomwa, kama wewe unavyoangalia nani ameona status yako. Akavitoa bure, vikawa PHP. Mwaka huo huo kule Sweden, Michael Widenius na wenzake wakaanza MySQL, jina lililotokana na binti yake anayeitwa My. Ukichanganya na Linux na seva ya Apache, nazo za bure, ghafla mtu mwenye kompyuta moja kuukuu na intaneti ya wasiwasi anaweza kutengeneza kitu ambacho zamani kilihitaji bajeti ya benki.

Wikipedia ilipitia njia hiyo. Ilianza Januari 2001 ikihifadhi kurasa zake kama faili za maandishi tu. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa imeanza kulemewa, na Magnus Manske, mwanafunzi wa Ujerumani ambaye hata hakuwa anasomea kompyuta, akaiandikia programu mpya ya PHP inayotumia MySQL. Ikahamia kwenye majedwali, ikakua hadi hapa ilipo. Facebook nayo mwaka 2004 ilianza na hivyo hivyo vifaa. (Na kwa wanaopenda kejeli: MySQL, ile ya bure, leo iko mikononi mwa Oracle. Widenius akaenda akaanzisha nyingine, MariaDB, akaipa jina la binti yake mdogo.)

Kwa hivyo turudi Ushahidi. Baada ya ile tovuti ya dharura, timu iliiandika upya iwe programu huria ambayo mtu yeyote angeweza kuipakua na kuitumia, kwa PHP na MySQL. Msimbo wake uko wazi hadi leo. (Uite kodi ukipenda, bora mwenye nyumba asisikie.) Ukiufungua, kitu cha kwanza ninachokushauri usome si kurasa za ramani. Soma faili inayounda majedwali.

Kuna jedwali la matukio: kichwa cha habari, maelezo, tarehe. Kuna jedwali la mahali, peke yake, lenye latitudo na longitudo. Kuna jedwali la aina za matukio. Na kati ya matukio na aina kuna kijedwali kidogo chembamba kinachobeba namba tu: tukio hili ni la aina hii. Kwa nini kisiwe safu wima moja tu ndani ya tukio? Kwa sababu usiku mmoja nyumba inaweza kuchomwa, mali ikaporwa, na mtu akauawa, yote katika habari moja. Ukimlazimisha anayeripoti achague aina moja, umemlazimisha afute mbili. Hicho kijedwali, ambacho mwalimu wako wa hifadhidata atakuambia ni uhusiano wa wengi kwa wengi halafu usinzie, ndicho kinachomruhusu shahidi kusema yote aliyoyaona.

Kuna safu wima nyingine inayosema habari iliingiaje: kwa fomu ya tovuti, kwa meseji, kwa barua pepe. Hii imeundwa na watu wanaojua Kenya. Mwaka 2008 mwenye intaneti alikuwa mmoja, mwenye simu ya kutuma meseji walikuwa mtaa mzima.

Halafu kuna ile ninayoipenda kuliko zote. Safu wima inayouliza: je, imethibitishwa? Thamani yake ya kuanzia ni 0. Yaani kila habari inapoingia, kabla mtu yeyote hajafanya lolote, mfumo unaiweka kama haijathibitishwa. Haiitupi, wala haiiamini. Inaisubirisha. Fikiria makundi yetu ya WhatsApp wakati wa siasa, ambako picha ya miaka mitano iliyopita inapita kama ya jana kwa sababu hakuna nafasi ya kuweka hiyo sufuri. Alama moja kwenye jedwali, na inabeba tofauti kati ya uvumi na ushahidi.

Na majina ya walioripoti? Yako kwenye jedwali lao, kando na tukio. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kozi nyingi za mtandaoni hazigusi. Januari 2008, kwenye vizuizi vya barabarani, watu waliulizwa vitambulisho. Jina lako la mwisho lilitosha. Rwanda ilikuwa imeshaonyesha dunia mambo haya yanafika wapi: tangu enzi ya Wabelgiji vitambulisho vyao vilikuwa na nafasi ya kuandika kabila, na mwaka 1994, kwenye vizuizi, hiyo nafasi moja ndiyo iliyosomwa kwanza. Aliyechora hiyo fomu miaka ya 1930 alikuwa karani ofisini. Labda aliona ni data tu.

Sasa wewe unatengeneza kitu cha kusajili watu kwa mechi ya mtaa, na unaweka nafasi ya namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na kaunti ya nyumbani. Za nini? Ati "huenda tukazihitaji." Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na inasema waziwazi ukusanye kile kinachohitajika tu. Lakini hata sheria isingekuwepo, msee, safu wima usiyoihitaji ni kisu umeacha mezani.

Ushahidi ilitumika mashariki mwa Kongo kabla mwaka 2008 haujaisha, ikatumiwa na Al Jazeera kwa vita vya Gaza mapema 2009. Haiti ilipotetemeka tarehe 12 Januari 2010, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts kule Marekani wakaiwasha saa chache baadaye. Watu chini ya vifusi na jirani zao wakatuma meseji kwa namba 4636, kwa Krioli, na Wahaiti walioko ng'ambo wakazitafsiri usiku kucha. Nchi tofauti, lugha tofauti, msiba tofauti. Wakabadilisha aina za matukio. Mpangilio wa msingi wa majedwali haukuhitaji kuchorwa upya. Miezi michache baadaye, Machi 2010, watu wale wale wakafungua iHub pale Ngong Road, na kizazi kizima cha mafundi wa Nairobi kikapata meza na intaneti.

Mimi nina lawama moja kwa jinsi tunavyofundishwa sai. Kijana anaanza na fremuweki tatu, anajua kusogeza vitufe vizuri sana, na ukimwomba aandike swali la SQL la kuunganisha majedwali mawili anakutazama. Amejenga mlango wa nyumba isiyo na vyumba. Kina Kobia hawakuwa na muda wa mlango mzuri.

Kwa hivyo kama unaanza, anza na lile daftari la chama. Pakua SQLite, ni bure, na kuna uwezekano mkubwa simu yako inaitumia tayari bila wewe kujua. Unda jedwali la wanachama na jedwali la michango. Halafu andika fomu ya kuingiza jina, na mwanachama wa kwanza awe Ng'ang'a. Niko serious. Ukiandika

INSERT INTO wanachama (jina) VALUES ('Ng'ang'a');

itakataa. Ile ritifaa, mnaikumbuka kutoka darasa la Kiswahili, kompyuta inaisoma kama mwisho wa jina. Inaona mtu anaitwa Ng, halafu takataka. Na kama ritifaa ya Ng'ang'a inaweza kuvunja swali lako bila nia mbaya, mwenye nia mbaya anaweza kuandika amri nzima hapo kwenye nafasi ya jina, na hifadhidata yako ikamtii. Tovuti nyingi zimeibiwa kwa mtindo huo. Dawa yake ni kuacha alama ya kuuliza mahali pa jina:

INSERT INTO wanachama (jina) VALUES (?);

kisha jina unalituma kando, ili hifadhidata ijue hili ni jina na si amri, liwe na ritifaa ngapi.

Ng'ang'a akishaingia salama, mjaribu Ng'endo, halafu mwandikie kila mmoja michango mitatu na uulize nani ana deni. Mkikwama niulizeni hapo chini, na mtume jedwali lenu, picha ya skrini siitaki.