Njia Mbadala za Kupasha Joto Nyumba Badala ya Kuni na Mkaa

Katika maeneo ya baridi kama Makete, Njombe na Lushoto, hasa miezi ya Juni na Julai, kaya nyingi huota moto wa kuni au huingiza jiko la mkaa chumbani. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuua watu wakiwa usingizini.

Mbadala ulio salama zaidi kwa hewa ya ndani ni hita ya umeme, kwa kuwa haichomi kitu chumbani. Hita ya wati 1,000 ikifanya kazi mfululizo hutumia uniti 1 kwa saa. Ya wati 2,000 hutumia uniti 2. Ili kupunguza gharama, ipashe joto chumba kimoja kabla ya kulala, kisha izimwe. Ichomekwe kwenye soketi ya ukutani na kuwekwa mbali na mapazia na matandiko.

Hita ya gesi hufaa mahali ambapo umeme haujafika. Hata hivyo, nayo hutumia hewa ya chumbani. Hivyo dirisha liachwe wazi kidogo na hita izimwe kabla ya kulala.

Dari na milango isiyo na nyufa huhifadhi joto, lakini chumba chenye moto kisizibwe. Anayepata maumivu ya kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na moto atolewe nje haraka na kupelekwa kituo cha afya.