Baada ya Kinu Kuzimwa: Mji wa Wiscasset na Kituo cha Nyuklia cha Maine Yankee

Utangulizi

Historia ya nishati ya nyuklia huandikwa zaidi kuhusu ujenzi wa vinu na ajali zake. Kipindi kinachofuata kuzimwa kwa kinu hutajwa kwa nadra, ilhali ndicho kinachodhihirisha ni nani hubeba gharama ya mwisho. Makala haya yanachunguza kipindi hicho katika Wiscasset, mji wenye wakazi wasiofika 4,000 katika jimbo la Maine, Marekani. Yanadai kwamba mji huo ulipoteza mapato ya kituo lakini ukabaki na taka zake, kwa kuwa ahadi ya kuziondoa ilikuwa mikononi mwa serikali kuu, ambayo mji haukuweza kuishurutisha.

Neema na Upinzani

Kituo cha Maine Yankee, chenye uwezo wa takriban megawati 900, kilianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 1972. Kilimilikiwa kwa pamoja na kampuni za umeme za New England. Kilipostawi, kililipa zaidi ya asilimia 90 ya kodi ya mali ya Wiscasset. Hivyo wakazi walitozwa kodi ndogo huku shule na huduma za mji zikigharamiwa vyema.

Kwingineko jimboni palikuwa na hofu. Baada ya ajali ya Three Mile Island ya mwaka 1979, wapinzani waliitisha kura za maoni za jimbo zima mwaka 1980, 1982 na 1987 ili kituo kifungwe. Mara zote tatu walishindwa.

Kilichoshindikana kwa kura kilitimizwa na hesabu za fedha. Mwaka 1995, nyufa katika mirija ya mitambo ya kuzalisha mvuke zilisimamisha kazi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Desemba, barua isiyo na jina ilidai kuwa uchanganuzi wa usalama ulikuwa na kasoro, na ukaguzi mkali wa Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ukafuata. Kinu kilizimwa Desemba 1996. Agosti 1997 wamiliki waliamua kwamba kukikarabati hakungekuwa na faida.

Mvutano wa Kubomoa

Ubomoaji ulichukua takriban miaka minane. Kampuni ilipendekeza zege lililosafishwa lifukiwe papo hapo ili kupunguza gharama. Wananchi walipinga, na pendekezo hilo likaachwa. Vifusi vikasafirishwa nje ya jimbo. Mwaka 2000 jimbo lilitunga sheria iliyoweka kikomo cha mnururisho cha milirem 10 kwa mwaka, ilhali kile cha Tume kilikuwa 25. Kamati ya ushauri ya jamii, iliyoundwa mwaka 1997, ilikuwa jukwaa la mijadala hiyo. Kuba la kinu liliangushwa kwa baruti Septemba 2004, na kazi ikakamilika mwaka 2005. Hapa wananchi walisikilizwa, kwa sababu aliyetakiwa kutenda alikuwa karibu nao na sheria ya jimbo ilimfikia.

Kilichobaki

Suala la fueli iliyotumika lilikuwa tofauti. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1982 iliitaka Idara ya Nishati ianze kuichukua kufikia tarehe 31 Januari 1998, kwa fedha zilizotozwa watumiaji wa umeme. Tarehe ilipita, na mradi wa kuizika Yucca Mountain, Nevada, ukakwama. Hadi leo, makasha 64 ya chuma na zege yamesimama Wiscasset chini ya ulinzi wa silaha: 60 yana fueli, manne yana vipande vya chuma vya kinu vyenye mionzi mikali. Kampuni ilishtaki na kulipwa fidia na hazina ya umma. Fidia hiyo haikuondoa hata kasha moja. Mji, kwa upande wake, ulilazimika kupandisha kodi na kubana matumizi.

Hitimisho

Historia hii inaihusu kanda yetu. Kenya ilipendekeza Uyombo, katika Kaunti ya Kilifi, kuwa eneo la kinu. Uganda imetaja Buyende. Mijadala ya maeneo hayo hugusa ardhi, fidia na ajira za mwanzo. Uzoefu wa Wiscasset unaonyesha haja ya kuamua mambo matatu kabla ya ujenzi: mfuko wa kubomoa unaolindwa kisheria, mpango wa mapato ya jamii baada ya kufungwa, na mahali halisi pa kupeleka fueli. Lisipoamuliwa la tatu, eneo lililokubali kinu litakuwa limekubali pia hifadhi ya taka isiyo na tarehe ya mwisho, bila kuulizwa.