Gitaa la baritoni: tuanzie B au A?

Najua niliahidi tuendelee na mada ya hifadhidata, lakini wiki tatu hizi nimekuwa nikihangaika na gitaa, na kwa kuwa mambo yenyewe yamejaa hesabu na historia, nimeona tuyazungumze hapa hapa. Wenye hamu ya hifadhidata mtanisamehe.

Kisa ni hiki. Mjomba wangu alipiga gitaa katika bendi za hapa Nairobi miaka ya 1970 na 1980. Ndiye aliyenifundisha kushika kodi ya kwanza (kodi za muziki, si zile za serikali). Sasa ana miaka 71, na ana nyimbo nane alizotunga mwenyewe ambazo hazijawahi kurekodiwa popote. Tumekubaliana nizirekodi mwaka huu, maana sote wawili tunajua hatuna miaka ya kuchezea. Tatizo ni sauti yake. Nyimbo zote alizitunga katika kii ya C, na noti ya juu kabisa ni E. Zamani aliifikia huku anacheka. Leo anaishia B, yaani nusu toni tano chini.

Mtu atauliza, kwani asihamie kii nyingine? Upigaji wake ni ule wa dole gumba na kidole cha shahada, ulioenea hapa na Kongo tangu siku za Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, na unategemea nyuzi zilizo wazi ndani ya umbo la C. Ukimhamisha umbo, wimbo si ule tena. Vidole vya miaka hamsini huwezi kuvinakili na kuvibandika kama faili.

Basi dawa ni kushusha gitaa zima. Kwa mtu wa programu hili ni jambo dogo: una orodha ya namba sita, unaondoa tano kwenye kila moja, kazi imeisha. Maumbo yanabaki yale yale, sauti inashuka. Lakini uzi una sheria zake. Masafa ya uzi yanategemea urefu wake, uzito wake na mvutano, na mvutano unakwenda na mraba wa masafa. Uzi wa sita, ule mnene, kwa kawaida ni E yenye masafa ya 82.4 kwa sekunde. Ukiushusha hadi B unapata 61.7, na mvutano unabaki asilimia 56 tu ya ule wa kwanza. Ukiushusha hadi A, 55 kamili, unabaki na asilimia 45. Nilijaribu kwenye gitaa langu la kawaida. Uzi ulilala kama kamba ya kuanikia nguo na kugonga kila freti.

Ndiyo nikatafuta baritoni, gitaa lenye shingo ndefu zaidi. La kawaida aina ya Fender lina inchi 25.5 za uzi unaotetemeka. Hili nililopata, mkono wa pili, lina 28. Nilipomuuliza muuzaji linatyuniwa vipi alinijibu, "Vyovyote tu, boss." Nilikasirika kidogo wakati ule. Baada ya kusoma historia naona hakuwa mbali na ukweli.

Turudi Marekani, mwaka 1956. Mhandisi Nathan Daniel, mwenye kampuni ya Danelectro huko New Jersey, anatoa gitaa la umeme la besi lenye nyuzi sita. Tyuni yake ni ya gitaa la kawaida, E hadi E, ila oktava nzima chini. Daniel alikuwa mtu wa vitu rahisi: miili ya magitaa yake aliitengeneza kwa mbao za kubandika na mabamba ya maunzi ya mbao yaliyoshindiliwa, na vinasa sauti akavifunga ndani ya mirija ya rangi ya mdomo ya akina mama. Ungedhani kitu cha namna hiyo kingeishia kwa watoto wanaojifunza. Kikaingia studio za Nashville.

Huko kilipewa kazi ya ajabu. Besi kubwa ya mbao ilikuwa na uzito mzuri, lakini kwenye spika ndogo za redio ilisikika kama mvumo usio na mwanzo. Kwa hiyo mpigaji wa pili alichukua besi ya nyuzi sita, akaweka kiganja juu ya nyuzi ili zisilie sana, na kwa kichokoo akapiga noti zile zile pamoja na besi ya mbao. Besi ikatoa uzito, gitaa likatoa mgongo mkali wa kila noti. Waliita tic-tac. Harold Bradley ndiye aliyesifika sana kwa kazi hiyo, na mnamo 1961 aliipiga katika "Crazy" ya Patsy Cline. Mwaka huo huo Fender nao wakatoa Bass VI yao, inchi 30, E hadi E oktava chini.

Sikieni jambo hili: kwa kazi ya tic-tac unapiga noti moja moja. Hakuna aliyejali kodi zingesikikaje kule chini. Hata solo maarufu ya "Wichita Lineman" ya mwaka 1968, ambayo Glen Campbell aliipiga kwa kuazima Danelectro ya mpiga besi Carol Kaye, ni noti moja baada ya nyingine. Ukishika kodi nzima ya C kwenye chombo hicho unapata uji.

Kwa hiyo mtu anayetaka kodi na anataka pia uzito inabidi apande kutoka oktava chini, asimame mahali fulani katikati. Baritoni ni hapo katikati, kama ilivyo kwenye kwaya kati ya tena na besi. Ila katikati si nukta moja. Ukishuka hatua ya nne kutoka gitaa la kawaida unapata B hadi B: B, E, A, D, F#, B. Ukishuka hatua ya tano unapata A hadi A: A, D, G, C, E, A. Vyama ni hivyo viwili, na ubishi wake ni wa zamani kuliko baritoni za umeme. Mwishoni mwa miaka ya 1930 George Van Eps, mpiga jazi, alitengenezewa gitaa la nyuzi saba na Epiphone. Uzi wake wa saba aliufanya A. Mwaka 1990 Ibanez walipotoa gitaa la nyuzi saba pamoja na Steve Vai, uzi wa saba ukawa B. Miaka minne baadaye kundi la Korn lilitoa albamu yake ya kwanza kwa magitaa ya nyuzi saba yaliyoshushwa hadi A. Yaani kila kizazi kinafika njia panda ile ile.

A ina hoja nzuri. Kwanza, A yenye kapo kwenye freti ya pili ni B, kwa hiyo aliye na A ana zote mbili, ilhali aliye na B hawezi kushuka bila kulegeza. Pili, ukiwa na mpiga saksofoni au tarumbeta, umbo la C linakupa F na umbo la G linakupa C, kii ambazo ni rahisi kwao kuliko zile za magitaa. Karibu inishawishi.

Ila hesabu ya unene wa nyuzi ilinirudisha. Niliandika programu ndogo, mistari kama ishirini, ya kutafuta unene utakaorudisha mvutano wa kawaida. Unene wa nyuzi hupimwa kwa elfu za inchi, na uzi wa sita wa seti ya kawaida ni 46. Kwa inchi 28, B inataka 56. A inataka 63. Uzi unavyonenepa ndivyo unavyokuwa mgumu kama fimbo, sauti zake za juu zinaanza kutoka nje ya mstari, na dole gumba la mzee linachoka. A inapendeza zaidi kwenye shingo ya inchi 30. Kwa langu, B.

Halafu kuna suala la uji, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu. Hermann von Helmholtz, Mjerumani, alieleza mwaka 1863 kwamba noti mbili zikikaribiana mno kwa masafa zinagongana na sikio linasikia mikwaruzo badala ya noti mbili. Chukueni kodi ya C ya mjomba. Noti zake mbili za chini, uzi wa tano freti ya tatu na uzi wa nne freti ya pili, kwenye gitaa la kawaida ni 130.8 na 164.8. Zimeachana kwa 34. Kwenye baritoni ya B umbo hilo hilo linatoa 98 na 123.5, zimeachana kwa 25.5. Kwenye A ni 87.3 na 110, chini ya 23. Uwiano ni ule ule, lakini nafasi inazidi kubana, na sauti za juu za kila noti nazo zinaingia katika msongamano huo. Umbo la G ni baya zaidi: kwenye A, noti mbili za chini zimeachana kwa 17 tu.

Nikadhani hapa lazima nichague kati ya sauti ya mjomba na usafi wa gitaa. Ndipo nikakutana na kisa cha Pat Metheny. Usiku mmoja wa Novemba 2001, nyumbani kwake New York, alikaa na baritoni ya akustika iliyotengenezwa na Linda Manzer wa Kanada, maikrofoni moja, akarekodi. Sehemu kubwa ya albamu ya "One Quiet Night", iliyotoka 2003, ni usiku ule. Tyuni yake ni A hadi A. Ila nyuzi mbili za katikati, wa tatu na wa nne, alizitoa akaweka nyembamba, akazipandisha oktava moja. G ya 98 ikawa 196. C ya 130.8 ikawa 261.6, juu kuliko uzi wa kwanza wenyewe! Mbinu hii ina jamaa yake Nashville, ambako hupandisha nyuzi zote nne za chini ili gitaa ling'ae. Metheny alipandisha mbili tu, za katikati, akaziacha mbili za chini kwa uzito na mbili za juu kwa wimbo.

Rudini kwenye kodi ya C mwone alichofanya. Noti iliyokuwa inagongana iko kwenye uzi wa nne. Uzi wa nne haupo tena pale chini. Mgongano umekwisha bila kupunguza hata noti moja ya kodi.

Nilikwenda kwa mjomba Jumamosi nikiwa na tarakilishi, nikamchezea rekodi, nikamchorea nyuzi kwenye karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Mpwa wangu, hiyo ni mi-solo."

Nilijisikia mtoto. Kwenye rumba ya Kongo, kati ya gitaa la solo na gitaa la ridhimu, kuna gitaa la tatu linaloitwa mi-solo, na wapigaji wake wengi walikuwa wakiondoa uzi wa nne, D, wakaweka mwembamba unaolia oktava moja juu. Super Mazembe ya Kongo ilipohamia Nairobi mwaka 1974, na Les Mangelepa ilipoundwa hapa hapa miaka miwili baadaye, vijana wa hapa walisimama mbele ya jukwaa kutazama vidole na nyuzi. Mjomba alikuwa mmoja wao. Alipiga hivyo miaka sita, kisha bendi ikavunjika, akarudi kwenye nyuzi za kawaida, na hakuna aliyemuuliza tena. Mimi nilikwenda hadi New York kutafuta kitu kilichokuwa kochini kwake.

Kilichobaki kilikuwa A au B, na hapo hesabu zangu hazikuhitajika. Nililifunga gitaa kwa A kwanza, ili nimpe haki yake. Noti ya juu ikawa A, akaiimba bila taabu. Lakini kiitikio cha wimbo wake wa pili kinaanza chini kabisa, kwenye C, ambayo sasa imekuwa F. Alipofika pale midomo ilicheza na sauti haikutoka. Alijaribu tena, akanitazama. Tukapandisha hadi B, kiitikio kikaanza kwenye G, na lile neno la kwanza likasikika.

Kwa hiyo tyuni yetu ni B, E, A, D, F#, B, na uzi wa nne, A, umepandishwa oktava: 220. Ule wa tatu tumeuacha, kwa sababu vidole vyake havikuzoea kuukuta kule juu. Kwa wanaotaka kujaribu: uzi uliopandishwa hauhitaji kuagizwa nje. Kwa inchi 28 unatosha 13, na huo ni uzi wa pili wa seti yoyote ya 10 hadi 46 unayopata dukani. Mfereji wake pale kichwani utakuwa mpana mno kwa uzi mwembamba. Mimi niliukunjia kipande cha karatasi chini, na haulii ovyo.

Nyimbo tatu ziko tayari. Ya nne tuliikatiza juzi kwa sababu huo uzi wa 13 ulikatika katikati ya ubeti. Kesho nikitoka kazini napita mjini kununua mingine, mitatu hivi, maana mjomba anapiga kwa nguvu.