Shorobo si mla ndizi

Shorobo ni neno ambalo wengi hulisoma kamusini kabla ya kumwona mwenyewe. Ndege huyu ana kishungi kichwani na mkia mrefu, na spishi zake nyingi zinaporuka hufunua mbawa nyekundu kama pilipili. Wako spishi 20 na ushei, wote wa Afrika, kusini mwa Sahara.

Wataalamu wameiita jamii yake Musophagidae, yaani wala ndizi. Musa, inavyoelezwa mara nyingi, ni mauz ya Kiarabu iliyovishwa kanzu ya Kilatini. Phaga ni kula, kwa Kigiriki. Sisi watu wa pwani tumekopa kwa Waarabu hadi sahani na kitabu, lakini ndizi tumebaki na yetu! Kichekesho ni kwamba shorobo hana habari sana na ndizi. Chakula chake hasa ni matunda ya msituni, tini za mikuyu zikiwamo, pamoja na majani na machipukizi. Jina la kitaalamu limemsingizia, na limeshaganda.

Lingefaa zaidi jina la shaba. Wekundu wa mbawa zake ni rangi yenye madini hayo ndani yake, jambo aliloligundua mkemia Mwingereza Arthur Church mwaka 1869. Hata manyoya yakichovywa katika maji yenye magadi, rangi hutoka.

Anayetaka kumwona shorobo mkubwa wa buluu aende msitu wa Kakamega. Atangulize masikio: mlio wake mzito husikika kabla ya rangi kuonekana.