Glow Recipe: Vipodozi vya Matunda Vinavyobamba TikTok, Ngozi ya Nyeri Itafaidika?

Kama uko TikTok ama Instagram, hiyo chupa ya pinki umeiona hata kama hukuitafuta. Manzi anadondosha matone mawili kwa shavu, anapapasa kidogo, uso unang'aa kama glasi imetoka kuoshwa. Hiyo ni Watermelon Glow ya Glow Recipe. Swali la msee wa Nyeri, Karatina ama Nanyuki ni rahisi: hii kitu inafanya kazi huku kwetu, ama tunauziwa harufu ya tikiti maji?

Tuanze na wenyewe. Glow Recipe ilianzishwa 2014 na madem wawili wenye asili ya Korea, Sarah Lee na Christine Chang, ambao walikuwa wamefanya mboka L'Oréal. Makao yao ni New York, si Seoul, kwa hivyo ni brandi ya Marekani yenye mtindo wa Kikorea. Mwanzoni walikuwa wanaleta tu bidhaa za Wakorea wengine Marekani. 2015 wakaingia kwa kipindi cha Shark Tank, wakapewa ofa na Robert Herjavec, wakaikubali hewani, lakini ile dili haikufika mwisho. 2017 wakatoa vitu vyao wenyewe, na ile maski ya usiku ya tikiti maji ikaisha Sephora mara kadhaa. Stori yao ni kwamba huko Korea nyanya alikuwa anapaka wajukuu ganda baridi la tikiti wakitokwa na vipele vya joto. Stori tamu, na inauza.

Sasa, tunda lenyewe linafanya nini? Ukweli ni kidogo sana. Tikiti, plamu, pera, ovakado na stroberi ziko ndani, lakini kazi nzito inafanywa na vitu vingine. Yale matone ya pinki yanabebwa na niasinamidi, ambayo ni vitamini B3. Hiyo inasaidia kupunguza mafuta usoni, kutuliza wekundu na kufifisha madoa polepole, na hapa polepole ni wiki, si siku. Chupa ya plamu inategemea asidi ya hialuroniki, inayoshika maji kwenye ngozi. Ya pera, ile ya madoa meusi, ina vitamini C na asidi ya traneksamiki. Ya stroberi ina asidi za kukwangua ngozi iliyokufa. Ukiondoa matunda kwa jina, hizi ni seramu za kawaida zilizotengenezwa vizuri. Hakuna ubaya hapo. Ubaya unaanza ukidhani unalipia shamba la matikiti.

Na unalipa. Chupa ya mililita 40 ya matone hayo inauzwa karibu dola 35 Marekani. Hiyo ni zaidi ya ngiri nne na nusu za Kenya, kabla ya usafiri, kabla ya ushuru, kabla ya muuzaji kuweka yake. The Ordinary wana seramu ya niasinamidi ya karibu dola 6 huko huko. Haina harufu tamu, haina mng'ao wa papo hapo, na chupa yake inakaa dawa ya hospitali, lakini kiungo ni kile kile.

Kuhusu harufu, kama ngozi yako inawasha haraka ama una pumu ya ngozi, jua kwamba vitu vingi vya Glow Recipe vina manukato. Jaribu nyuma ya sikio siku mbili tatu kabla hujamwaga usoni.

Jua la mlima halijali sweta

Hapa ndio wengi wa huku wanachapwa. Nyeri iko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki iko juu zaidi na ikweta inapita hapo hapo. Shirika la Afya Duniani linasema kila ukipanda mita 1,000, mionzi ya jua inayochoma ngozi inaongezeka kwa karibu asilimia 10. Fanya hesabu: msee wa Nyeri amevaa jaketi na marvin anaweza kuchomwa zaidi ya yule wa Mombasa aliye kwa fulana, anga zikiwa sawa. Mawingu mepesi hayazuii sana. Ile gathano ya Julai, ukungu umelala mpaka saa nne, hukufanya usahau kabisa kwamba kuna jua.

Ndio maana mtu ananunua seramu ya pera kuondoa madoa ya chunusi, anaipaka mwezi mzima, na madoa yanabaki yamekaa tu. Kwa ngozi yetu nyeusi, jua linayachora upya kila siku. Na ukipaka zile za kukwangua kama ya stroberi, ngozi inakuwa laini kwa jua zaidi. Bila sanskrini ya SPF 30 kwenda juu, unateka maji kwa ndoo iliyotoboka. Nikiwa na ngiri nne na nusu mimi, sanskrini ndio ya kwanza, losheni nzito ya pili, na seramu inunuliwe na chenji.

Baridi nayo ina mambo yake. Upepo wa Nanyuki ni mkavu, na asidi ya hialuroniki ikipakwa kwa uso mkavu kisha ukaiacha hivyo, unaweza kupauka vilevile. Paka uso ukiwa na unyevu, halafu funga na kitu kizito juu. Hata safu nyembamba ya Arimis usiku inatosha kama huna shida ya chunusi. Ndiyo, ile ya kukamulia ng'ombe. Nyanya yako alijua.

Usikimbilie limau

Kuna wale watasema, si tuko na matunda, tujitengenezee? Karatina soko limejaa, makorobia ni ya kumwaga, na hapo Murang'a kampuni ya Olivado inakamua mafuta ya ovakado ya kuuzwa nje. Mafuta hayo ni mazuri kwa ngozi kavu. Ovakado iliyopondwa ama ganda baridi la tikiti usoni haitakudhuru, ila haitaondoa doa lolote. Limau na ndimu ndio noma. Juisi yake ikikutana na jua inaweza kukuunguza mpaka malengelenge, na ikipona inaacha alama nyeusi kuliko ile uliyokuwa unafukuza.

Feki ndio hatari yenyewe

Sephora haina duka Kenya, kwa hivyo chupa yako imepitia mikono kadhaa. Glow Recipe yenyewe si krimu ya kuchubua. Lakini kinachowekwa kwa chupa iliyoigwa hakuna anayekuhakikishia, na krimu za kuchubua zenye zebaki na haidrokwinoni, ambazo zimepigwa marufuku Kenya, bado zinapatikana mitaani. Zebaki inaharibu figo, na mama anayepaka anaweza kumgusisha mtoto.

Kwa hivyo cheki. Bidhaa ya kuagizwa inafaa kuwa na stika ya ISM ya KEBS, na namba yake unaweza kuihakiki kwa SMS kwenda 20023. Orodha ya viungo iwepo na isomeke. Ukikuta onyo la kuvua pete na mkufu kabla ya kupaka, rudisha, maana hiyo ni dalili ya zebaki. Uso ukianza kuwa mweupe ndani ya siku chache, acha mara moja na umwone daktari wa ngozi. Na wale wanaokugawia kwa kijichupa cha soo tatu: huwezi kujua ilifunguliwa lini. Kwa chupa halisi kuna alama ya mkebe ulio wazi na namba kama 6M ama 12M, yaani miezi ya kutumia tangu ifunguliwe. Kwa kijichupa hicho hiyo alama haipo.